Tuvae Nini Siku ya Picha?

Natumaini mitihani inawaendea vizuri, na wale wanaobeba boksi usiku wanapata angalau masaa manne ya usingizi. Sisi wa Buffalo tunamshukuru Mungu. Theluji imeanza kutuonea huruma, na kama ilivyo kila mwaka msimu huu, wanachama wameanza kupigiana simu kuulizana swali moja: siku ya picha tunavaa nini?

Najua wapo watakaofungua ukurasa mwingine wakisema haya ni mambo ya akina dada. Basi niwaambie: mkutano mrefu kuliko yote niliyohudhuria tangu nijiunge na chama hiki haukuwa wa katiba, wala wa ada, wala wa pesa za tafrija ya mwaka mpya. Ulikuwa wa nguo. Ulianza saa kumi na moja jioni ukaisha saa nne usiku, na waliopaza sauti kuliko wote walikuwa akina kaka.

Ilikuwa hivi. Ofisi moja ya chuo ilikuwa inaandaa kijitabu cha kuwavutia wanafunzi wa kigeni. Wakatuandikia barua pepe wakiomba watu kumi na wawili wa kupigwa picha. Barua ilikuwa na adabu zote, pamoja na ahadi ya piza. Ila chini kabisa kulikuwa na sentensi moja: tafadhalini mje na mavazi yenu ya asili, ikiwezekana yenye rangi nyingi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kaka mmoja wa Nakuru alisimama akasema vazi lake la asili ni kaptura ya kijivu na sweta ya buluu, maana ndiyo aliyovaa tangu darasa la kwanza mpaka la nane, na kama ofisi inataka rangi, soksi zilikuwa na mistari ya njano. Dada mmoja wa Unguja akauliza kwa upole, "Mimi kila siku navaa baibui na mtandio mbele ya macho yao. Hiyo si asili, au kwa sababu ni nyeusi?" Kaka wa Kampala alikuwa na kanzu yake safi, lakini alisema kwao mtu wa heshima haendi shughulini na kanzu bila koti juu. Sasa je, koti litakubaliwa kuwa asili? Na mwenzetu wa Moshi, Mchaga wa kuzaliwa, alishauriwa na watu watatu tofauti avae shuka la Kimasai eti "linatoka vizuri kwenye picha". Aliwatazama tu.

Tulicheka sana, lakini swali lilibaki pale pale. Asili ni ipi?

Tukianza kufukua, ndugu zangu, tutachoka. Kanga zilianza kuvaliwa pwani yetu katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake walipounganisha leso zilizoletwa na wafanyabiashara, na hata neno lenyewe leso ni la Kireno. Kwa miaka mingi zilichapwa ng'ambo na kuletwa kwa meli. Kitenge tunachokipigia debe kilitokana na batiki za Java zilizoigwa na viwanda vya Uholanzi. Kampuni ya Vlisco, ambayo vitambaa vyake vinatamaniwa kuanzia Kinshasa mpaka Dar es Salaam, ipo katika mji wa Helmond tangu 1846. Kanzu ilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na gomesi ya mama zetu wa Uganda ilipata jina lake kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes. Wakenya wenyewe mwaka 2004 walifanya mashindano ya kutafuta vazi la taifa. Likapatikana, likazinduliwa kwa shangwe, na leo uzunguke Nairobi mchana kutwa huoni mtu amelivaa.

Je, ina maana nguo hizi si zetu? Hapana. Kanga imetupokea tulipozaliwa, imetubeba mgongoni, imetufunika msibani. Kitu huwa chako kwa kukiishi. Lakini ukijua njia ambayo nguo imepita, huwezi tena kumwambia mwenzako kwamba yeye wa suti si Mwafrika na wewe wa kitenge cha Uholanzi ndiye Mwafrika halisi. Na huo ndio ulikuwa mwelekeo wa mkutano ulipofika saa mbili usiku. Watu walishaanza kupimana.

Tena tusidhani kupangiwa nguo ni tabia ya wazungu peke yao. Tanzania miaka ya 1967 na 1968 kulikuwa na operesheni ya kuwataka Wamasai waache shuka na kuvaa suruali, waonekane watu wa kisasa. Shuka hilo hilo leo ndilo linalovutia watalii katika kila tangazo la safari. Umoja wa Vijana wa TANU nao wakaja na Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, ya kupiga marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba si utamaduni wetu. Na juzi tu, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alizuia suti za Kaunda bungeni, vazi ambalo viongozi wa Afrika walilivaa kuonyesha kwamba wameachana na tai ya mkoloni. Kwa hiyo mmoja anaambiwa avue shuka, mwingine anaambiwa alivae. Mmoja anakatazwa kisasa, mwingine anakatazwa kisichofanana na London. Ukiangalia vizuri, kinachojirudia ni kwamba mwenye mamlaka anaamua mwili wa mwingine uonekaneje.

Mimi pia nilikuwa na mtihani wangu. Nina kanga doti tatu alizonipa mama nilipoondoka Tanga, na mwanzoni niliona jambo limekwisha: rangi zipo, asili ipo, kazi kwao. Nikampigia simu mama kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Yaani mwanangu, nikupeleke Marekani ukasome, halafu upigwe picha ya chuo na kanga kama uliyetoka kuchota maji? Nikimwonyesha shangazi yako niseme nini?" Nikamwambia wenyewe ndivyo walivyoomba. Akasema, "Wenyewe nani? Picha inakuja kwao au inakuja kwangu?"

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Kwa mama, kanga ni ya nyumbani, ya jikoni, ya shughuli mkiwa wanawake wenyewe kwa wenyewe. Anaipenda kuliko nguo zote, na ndiyo sababu haitoi mbele ya mgeni. Sebuleni kwetu ipo picha ya marehemu babu, ambaye alikuwa mkata mkonge. Amevaa koti na tai. Koti si lake. Zamani studio nyingi zilikuwa na koti na tai zilizotundikwa ukutani kwa ajili ya wateja, na ukitazama vizuri utaona mikono imeishia juu ya kifundo. Hakuna hata mmoja nyumbani anayesema babu alidanganya. Alitaka wajukuu wamtazame hivyo, nasi ndivyo tunavyomtazama.

Lakini aliyetunyamazisha sote siku ile alikuwa mwenzetu mmoja mdogo wa mwaka wa pili. Wazazi wake ni watu wa Uvira, yeye amezaliwa na kukulia kambini Nyarugusu, kule Kigoma, na hapa Buffalo anakaa West Side na mama yake na wadogo zake. Alikuwa amekaa nyuma muda wote hajasema neno. Mwenyekiti alipomuuliza yeye atavaa nini, akasema suti. Alikuwa ameshainunua kwenye duka la mitumba, dola kumi na nane, nyeusi, amepeleka kupunguzwa suruali. Mtu mmoja akamtania, "Kaka, wametaka asili, wewe unataka kwenda kanisani?" Akajibu taratibu, kwa Kiswahili chao kile:

"Mimi nimepigwa picha mingi kuwapita nyinyi wote. Picha ya kadi ya posho. Picha ya mahojiano. Picha ya daktari. Picha ya safari. Wazungu walikuja na kamera, wakatupiga tukiwa kwenye foleni ya maji. Hakuna hata moja niliulizwa: kaka, utavaa nini? Hii ni ya kwanza. Na bibi yangu bado iko kule kambini. Nataka aone suti."

Jamani, ukumbi ulitulia. Hata piza tulizoahidiwa hatukuzikumbuka tena.

Mahali penyewe palipochaguliwa kwa picha nako kuna historia inayohusu jambo hili moja kwa moja, na ni vizuri kila mwanachama aijue. Ofisi ilitaka tupigwe picha Delaware Park, nyuma ya jengo jeupe la makumbusho ya historia ya Buffalo, penye bustani ya Kijapani na miti ya cheri inayochanua mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1901 yaliyoitwa Pan-American Exposition, yale ambayo Rais McKinley alipigwa risasi. Mengine yote yalibomolewa, lile likabaki.

Katika maonyesho hayo kulikuwa na kijiji cha kulipia kiingilio kilichoitwa Darkest Africa, yaani Afrika yenye giza kuliko zote. Waafrika waliletwa toka bara letu wakawekwa kwenye nyumba za nyasi, wakavikwa na kuonyeshwa kama mwenye biashara alivyotaka, watu wa Buffalo wakapita kuwatazama. Hawakuchagua vazi, hawakuchagua pozi.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Weusi wa mji huu hawakukaa kimya. Novemba 1900 mwalimu mmoja, Mary Talbert, na wanawake wenzake wa klabu ya Phyllis Wheatley waliitisha mkutano katika kanisa la Baptisti la Michigan Street, wakidai watu weusi wawakilishwe kwa kazi zao wenyewe. Mwishowe maonyesho ambayo W.E.B. Du Bois na wenzake walikuwa wameyapeleka Paris mwaka 1900 yaliletwa hapa. Ndani yake kulikuwa na vitabu, michoro ya takwimu, na mamia ya picha za watu weusi, wengi wao wa Georgia: wasichana wenye magauni ya kola ndefu, wazee wenye makoti, familia kwenye ngazi za nyumba zao. Kwa hiyo kiangazi kile, katika uwanja mmoja wa maonyesho, mtu aliweza kuona Waafrika waliovikwa na mwingine, na pia picha za watu weusi waliovaa wenyewe.

Miaka minne baadaye, mwaka 1905, Du Bois na wenzake walikutana ng'ambo ya mto, Fort Erie, upande wa Kanada, wakaanzisha harakati iliyopewa jina la Niagara. Picha yao ipo mpaka leo: wanaume wamevaa suti, maporomoko ya Niagara nyuma yao. Na ukipanda basi kwenda Rochester, mwendo wa saa moja na nusu hivi, utakuwa katika mji alioishi Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka mwaka 1838 na kuwa mtu aliyepigwa picha nyingi kuliko Mmarekani yeyote wa karne ya 19. Zinajulikana kama 160. Koti, tai, uso bila tabasamu. Hakutaka hata mara moja atoke kama yule mtumwa mwenye furaha waliyezoea kumchora.

Sisemi kwamba suti ndiyo heshima na kitenge ni aibu. Laiti Douglass angekuwa Mzaramo huenda angechagua kanzu na kofia ya kiua, na angekuwa sawa. Ninachosema ni kwamba ukivaa kwa ajili ya picha unaomba utazamwe kwa namna fulani, na ombi hilo inafaa litoke kwako mwenyewe. Mtu akivaa shuka kwa sababu ndilo la babu yake, na akijua babu alilivaa lini na kwa nini, basi ni lake. Mchaga akilivaa kwa sababu linatoka vizuri kwenye kijitabu cha watu, hapo ameazima mwili wake.

Basi tukaandika jibu. Tuliiambia ofisi kwa heshima kwamba tutakuja wote kumi na wawili, ila kila mtu atavaa nguo ambayo angependa ifike kwao nyumbani. Wakajibu ni sawa. Siku ya siku tulikuwa na kanzu na koti lake, baibui nyeusi na mtandio wa zambarau, kitenge mishono mitatu, jinzi na shati lililopigwa pasi, kofia ya chuo, na suti moja ya dola kumi na nane iliyokaa mwilini kama ya dola mia tano. Mimi nilivaa gauni la buluu aliloshona fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili pale Tanga, na kanga ya mama niliikunja nikaiweka begani, upande wa jina ukiwa ndani. Hilo lilikuwa la kwetu wawili.

Kijitabu kilipotoka, kwenye jalada waliwekwa wawili tu, wote wa kitenge. Wengine tulionekana ukurasa wa ndani, tumepunguzwa. Sishangai. Lakini picha kamili ya watu kumi na wawili tunayo, aliipiga mwanachama mwenzetu kwa kamera yake, na ndiyo iliyosambaa mpaka Unguja, Nakuru na Nyarugusu. Bibi aliipokea kwa simu ya jirani. Tuliambiwa aliuliza kwanza kama mjukuu wake amekuwa mwalimu. Mama yangu yeye alisema nimenenepa, alhamdulillahi, na akataka isafishwe kubwa.

Sasa kwa wale wa mwaka huu, na wenzetu wa Columbus na Louisville ambao najua mna picha zenu za mahafali, naomba niwape machache ya kuwasaidia.

Kwanza, kabla hujafungua kabati, jiulize picha hii inakwenda kwa nani. Ukishajua, nguo itajichagua yenyewe.

Pili, fikirieni mwanga. Zamani filamu na mashine za kusafishia picha zilipimwa kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, ndiyo maana katika picha nyingi za wazee wetu unaona meno na kola tu. Kamera za siku hizi zina nafuu, lakini nguo nyeupe pee juani bado inaweza kuidanganya kamera ikapunguza mwanga, uso ukawa kivuli. Mwambieni mpiga picha apime mwanga usoni, asipime kwenye kanzu. Ni haki yenu, msione haya.

Tatu, hapa ni Buffalo. Aprili jua linaweza kuwaka saa nne na theluji ikaanguka saa nane. Kitenge hakizuii upepo wa Ziwa Erie. Vaeni joto ndani, na mmoja ashike makoti pembeni. Viatu vyenye kisigino chembamba viacheni nyumbani, majani ya bustani yanakuwa yameloa.

Nne, wenye kutaka kushonesha waanze mapema. West Side kuna mafundi wa Kikongo na Kirundi wanaojua mshono, lakini mwezi wa mahafali foleni yao si mchezo.

Tano, akina dada, kama unavaa kanga, soma maneno yake kwanza. Usije ukasimama mbele ya mkuu wa kitivo na fumbo la mke mwenza mgongoni. Yeye hatajua, ila mama mkwe wako mtarajiwa atalisoma herufi kwa herufi.

Na mwisho, asiwepo wa kumcheka mwenzake. Mwenye mbili aazime moja, kama studio za zamani zilivyofanya. Chama kinaweka makoti mawili na tai tatu kwa yeyote atakayehitaji, na dada wa Unguja amejitolea mitandio.

Picha ya mwaka huu ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa tano asubuhi, nyuma ya makumbusho. Anayekaa na pasi nzuri tafadhali aje nayo kwangu Ijumaa jioni, chai na mandazi vitakuwepo.